Baba Aamkaye Usiku

Katika nyumba nyingi yuko baba aamkaye usiku mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo. Husimama kitambo kabla mkojo haujatoka. Ukitoka, hutoka kwa unyonge, hukatika, hurudi. Naye hurejea kitandani akiona kana kwamba hakumaliza. Mkewe ajua, lakini watoto hawaambiwi, maana baba aona haya. Ndugu wasomaji, haya hiyo ndiyo tupendayo kuisemea leo, kwa kuwa mara nyingi yadhuru kuliko ugonjwa wenyewe.

Chini ya kibofu cha kila mwanamume iko tezi iitwayo tezi dume, na njia ya mkojo hupita katikati yake. Katika ujana uzito wake wapata gramu 20. Umri ukisogea tezi hukua na kuibana njia ile. Katika wanaume wenye miaka 60, wapata nusu yao tezi imekua. Si urogi, wala si malipo ya makosa ya ujana. Wala si saratani. Ila saratani nayo yaweza kuota katika tezi hiyo, na kwa hiyo yafaa kupimwa, si kukisia.

Daktari huanza kwa kuuliza. Yako maswali 7 yaliyotolewa Marekani mwaka 1992, nayo hutumika sasa katika nchi nyingi. Kila jibu hupewa alama 0 hata 5. Jumla isiyozidi 7 ni taabu ndogo. 8 hata 19 ni ya kati. 20 hata 35 ni kubwa. Kisha hupima mkojo na damu, maana kisukari na kichocho huweza kuleta dalili zifananazo na hizi. Tena huipapasa tezi kwa kidole, kwa njia ya haja kubwa. Hapo ndipo wazee wengi hukimbia. Lakini ni kazi ya kitambo kidogo tu.

Taabu ikiwa ndogo, huenda mgonjwa akapewa shauri tu: asinywe sana karibu na kulala, apunguze chai na kahawa, wala asimeze dawa za mafua pasipo kuuliza, maana nyingine huzuia mkojo. Ikizidi, ziko dawa. Tamsulosini hulegeza njia, na nafuu huanza kwa siku chache. Finasteridi huipunguza tezi yenyewe, lakini yataka saburi ya miezi 6 hivi. Zisipofaa, wako wapasuao kwa chombo kipitishwacho katika njia ya mkojo, pasipo kukata tumbo.

Neno hili lishikeni sana: mkojo ukikataa kabisa, na tumbo la chini likajaa na kuuma, msingoje kesho. Apelekwe hospitali saa ile ile, apitishiwe mpira. Kadhalika aonaye damu katika mkojo asikawie. Mkojo ubakiao kibofuni muda mrefu waweza kuharibu figo.

Twajua kwamba si desturi mwana kumwuliza babaye habari hizi. Basi, enyi wana, mtafuteni shemeji yake au rafiki wa rika lake, amsindikize. Nanyi walimu, waambieni wanaume peke yao, kwa maneno ya adabu. Wazee wetu walinena zamani: Mficha uchi hazai.