KWA NINI ASILIMIA 57 ILISHINDWA?

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Usiku wa kuamkia Jumatano, Novemba 6, 2024, mimi sikuuliza, niliandika tu, na kwa kosa hilo nikachota maji juma zima. Hebu nikueleze ilivyokuwa, maana ndani ya kisa hiki mna somo la kura ambalo sisi tunaokaribia miaka 18 tunalihitaji sana.

Tulikuwa likizoni. Wamarekani walikuwa wakimchagua rais, Donald Trump akipambana na Kamala Harris. Mimi, binamu yangu na nyanya tulikuwa sebuleni, redio mezani, daftari langu la hesabu magotini. Huko Florida vituo vingi vya kupigia kura hufungwa saa moja jioni, na wakati huo kwetu Kenya ni saa tisa usiku. Basi tulikesha tukipiga miayo.

Kumbe Mmarekani hapewi karatasi ya kumchagua rais tu! Katika majimbo mengi hukuta pia maswali ya kujibiwa ndiyo au la. Takribani nusu ya majimbo yote 50 huwaruhusu wananchi wenyewe kuleta swali kwa kukusanya saini. South Dakota ndilo lililotangulia kuweka utaratibu huo, mwaka wa 1898. Maswali mengine huletwa na bunge la jimbo. Mara nyingi ni mambo yanayoingia hadi ndani ya nyumba za watu: ndoa, bangi, kima cha chini cha mshahara, na uavyaji mimba.

Swali la uavyaji mimba ndilo lililotikisa mwaka huo. Tangu 1973 haki hiyo ilikuwa imelindwa nchi nzima na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2022 mahakama hiyo hiyo ilifuta uamuzi huo, ikaliacha jambo lenyewe mikononi mwa majimbo. Ndiyo maana Novemba 2024 majimbo 10 yaliwauliza wapiga kura wao. Majimbo 7 yalikubali kuilinda haki hiyo. Florida, Nebraska na South Dakota hayakukubali. Mimi hapa simwambii mtu aamini nini, hayo ni ya dhamiri yake, dini yake na wazee wake. Ninachoeleza ni hesabu.

Na hesabu ndiyo iliyonitia aibu. Alfajiri redio ilisema kwamba huko Florida "ndiyo" ilikuwa na asilimia 57 hivi. Nikaandika kwa kalamu nyekundu: IMEPITA. Binamu yangu akasema ati imeanguka. Nikamcheka. Tukawekeana sharti kuwa atakayekosea atachota maji ya nyumba nzima kwa juma moja. Haikupita nusu saa mtangazaji akasema pendekezo la Florida limeanguka.

Nyanya alinitazama. "Mjukuu wangu, wengi wamesema ndiyo, mbona wameshindwa?"

Sikuwa na jibu. Nilipata jibu baadaye, kwa kusoma. Katiba ya Florida inataka badiliko la katiba lipate angalau asilimia 60. Sheria hiyo wananchi wa Florida walijiwekea wenyewe kwa kura mwaka wa 2006, na jambo la kuchekesha ni kwamba siku hiyo ilipita kwa asilimia 58 hivi. Yaani kanuni ya 60 yenyewe haikufika 60! Tena katika Florida hiyo hiyo, usiku huo huo, Trump alishinda kwa asilimia 56. Mwenye 56 akashangilia, mwenye 57 akarudi nyumbani mikono mitupu, na sheria ya jimbo inayokataza uavyaji mimba baada ya majuma sita hivi ikabaki palepale.

Sasa tazama Missouri. Huko pendekezo kama hilo lilipata asilimia 52 hivi tu, nalo likapita, kwa sababu Missouri linataka zaidi ya nusu, basi. Na jimbo hilo hilo lilimpa Trump asilimia 58! Hapa nilijifunza jambo la pili: mtu anaweza kumchagua mwanasiasa wa chama fulani, kisha kwenye karatasi hiyo hiyo akalijibu swali kinyume na wakubwa wa chama hicho. Mpiga kura si kondoo wa kufuata kengele.

Lakini hata kupita si mwisho wa safari. Wapiga kura wa Missouri usiku huo walikubali pia mfanyakazi alipwe anapokuwa mgonjwa. Mwaka wa 2025 bunge la jimbo likaifuta sehemu hiyo. Pendekezo la uavyaji mimba nalo bunge hilo likaamua lirudishwe kwa wapiga kura mwaka wa 2026. Kumbe kura huhitaji mlinzi hata baada ya kuhesabiwa.

Je, na kwetu? Sisi hatujibu maswali mengi kwa siku moja. Mwaka wa 2005 tuliulizwa katiba nzima, ndizi au chungwa, na chungwa, yaani la, likashinda. Agosti 4, 2010 tukaulizwa tena, na kijani ikashinda kwa asilimia 67 hivi. Nyanya alipiga kura mara zote mbili. Anasema mwaka wa 2010 kulikuwa na vipengele alivyovipenda na vingine vilivyomkera, lakini alikuwa na alama moja tu ya kuweka. Aliyekubali alikubali yote, aliyekataa alikataa yote.

Hata hivyo, Katiba ya 2010 inawaruhusu wananchi kuanzisha badiliko kwa saini milioni moja. Yakiwa ni mambo mazito yanayohitaji kura ya maoni, haitoshi "ndiyo" kuzidi "la". Lazima pia angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti. Rais naye hahitaji zaidi ya nusu ya kura tu, bali pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Ni wangapi kati yetu wanaolijua hilo? Na mtu asiyelijua akisikia matokeo, si atafanya kama mimi? Kwangu mimi yaliniletea ndoo ya maji. Lakini mtaani mtu akidhani ameibiwa kumbe hakujua kanuni, huweza kuokota jiwe.

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 utanikuta nimetimiza miaka 18. Nimejiapiza kwamba kabla ya kuwasha redio nitajua kwanza mshindi anatakiwa kupata nini. Daftari lile ninalo hadi leo. Neno IMEPITA nimelikata mstari, na chini yake nyanya aliniagiza niandike: Uliza kwanza, hesabu baadaye.