Askari Wasio na Tarehe

Bujumbura ina tarehe zake za mashada ya maua. Oktoba 13 ni ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyepigwa risasi mwaka 1961. Oktoba 21 ni ya Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa mwaka 1993. Aprili 6 ni ya Cyprien Ntaryamira, aliyekuwemo katika ndege iliyotunguliwa Kigali mwaka 1994. Hao ni wakubwa. Askari wa kawaida mtafute chini ya turubai, kichochoroni Musaga au Kinama, siku ambayo familia yake inaganduka.

Kuganduka ndiko kumaliza matanga, mara nyingi mwaka mmoja au zaidi baada ya mazishi. (Buyenzi, kwa Waislamu, utakuta hitima.) Viti vya kukodi, kreti za Primus na Fanta, picha ya marehemu akiwa na sare. Msemaji wa familia hushukuru majirani, kisha huuliza: nani anamdai marehemu? Sehemu hiyo naipenda kuliko hotuba zote. Shujaa anageuka mtu aliyechukua mabati kwa mkopo.

Na wengi walikopa, wakitegemea posho ya Somalia. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipopeleka kikosi cha kwanza Mogadishu, posho ya mlinda amani ilifika dola 1,028 kwa mwezi, na serikali ilikata 200. Zilizobaki zilinunua viwanja na kusomesha wadogo zake mtu. Upande wa pili wa hesabu ni makaburi. Februari 22, 2009, wanajeshi 11 waliuawa kwa mabomu ya kujitoa mhanga. Septemba mwaka huohuo akafa Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, naibu kamanda wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia. Zikafuata hasara za Dayniile mwaka 2011, Leego mwaka 2015, El Baraf mwaka 2022. Kikosi kilifunga virago Somalia mwaka 2024 ulipokwisha.

Tazama sasa wanaokaa chini ya turubai hilo. Baada ya Mkataba wa amani wa Arusha wa mwaka 2000 na usitishaji vita wa Novemba 2003, waasi wa CNDD-FDD waliingizwa katika jeshi lilelile walilopigana nalo, na katiba ya 2005 ikakataza kabila lolote kuzidi nusu ya askari. Kwa hiyo aliyejificha msitu wa Kibira anaweza kuwa ameketi na aliyemsaka humo, chupa zao mezani, wakisimuliana joto la Mogadishu.

Wageni huusifu sana upatanisho huu. Mimi nauamini nusu. Somalia ni vita rahisi kusifia kwa sababu muuaji alikuwa mtu wa mbali. Ile ya wenyewe kwa wenyewe, iliyoanza 1993, haiguswi, maana huko muuaji huenda ni jirani aliyeleta kiti. Na tangu Agosti 2022 wanajeshi wetu wamekuwa Kivu Kusini nchini Kongo, ng'ambo tu ya mpaka wa Gatumba. Kwa aliyefia huko, msemaji atachagua maneno yake kwa uangalifu zaidi.

Ila kinachozua ugomvi siku ya kuganduka si siasa. Fidia ya Umoja wa Afrika kwa aliyefia Somalia ilikuwa dola 50,000, na Burundi haina sheria ya urithi, mila ndiyo inayoamua. Bia zikiisha na wageni wakiaga, shemeji zake mjane huanza kuuliza kiwanja kile kimeandikwa jina la nani.