Kozi za Utangulizi Zitolewazo Bure kwa Njia ya Intaneti na Masomo ya Mchungaji

1. Utangulizi

Mchungaji anapohitimu chuo na kupangiwa usharika, mara nyingi masomo yake ya darasani hukomea hapo. Vitabu alivyoondoka navyo chuoni ndivyo atakavyotegemea kwa miaka mingi, na kazi za usharika humwachia nafasi ndogo ya kutafuta vingine. Katika makala hii tunakusudia kueleza njia mojawapo ya kuendelea kusoma, yaani kozi za utangulizi ambazo vyuo vikuu kadhaa huzitoa bure kwa njia ya intaneti. Hoja yetu ni kwamba kozi hizo humpa mtu mhadhara bila malipo, lakini hazimpi darasa. Kwa hiyo anayetaka kufaidika nazo hana budi kutafuta wenzake wa kusoma nao mahali alipo.

2. Chanzo cha kozi hizo

Mwaka 2001 chuo cha MIT nchini Marekani kilitangaza kwamba kitaweka kwenye intaneti maandalizi ya kozi zake ili yeyote ayasome bila malipo. Sehemu ya kwanza ilionekana mwaka 2002. Huko Uingereza, Open University, ambacho kilianza kufundisha watu majumbani mwao mwaka 1971, kilifungua huduma yake ya OpenLearn mwaka 2006. Desemba 2007 Chuo Kikuu cha Yale kilitoa kozi saba za kwanza chini ya jina la Open Yale Courses, na baadaye zikafikia takriban 40. Zimo za fizikia, saikolojia, uchumi, historia, falsafa, fasihi na dini.

Kozi za Yale zilirekodiwa darasani, wanafunzi wakiwapo. Msomaji hupata video, sauti peke yake, maandishi ya mhadhara mzima, na orodha ya vitabu vya kusoma. Hakuna kujiandikisha, hakuna mtihani, wala hakuna cheti. Mwaka 2012 zilianzishwa Coursera na edX, ambazo huongeza mazoezi na majaribio, na mara nyingi hutoza fedha kwa ajili ya cheti. Imeonekana kwamba walio wengi kati ya wanaojiandikisha katika kozi za namna hii hawazimalizi.

Kusoma kwa mbali si jambo geni kwetu. Elimu ya theolojia kwa enezi ilianza Guatemala mwaka 1963, na makanisa ya Afrika Mashariki yakaipokea. Mpango huo ulikuwa na nguzo tatu: kitabu cha kujisomea, kazi ya mwanafunzi katika usharika wake, na mkutano wa mara kwa mara pamoja na mwalimu. Tukizipima kozi za intaneti kwa kipimo hicho, twaona kwamba nguzo ya kwanza ipo, tena ni imara. Nguzo mbili zilizobaki hazipo.

3. Mfano wa kozi za Biblia

Kozi mbili za Yale zinatuhusu moja kwa moja. Utangulizi wa Agano la Kale ulifundishwa na Christine Hayes mwaka 2006, kwa mihadhara 24. Utangulizi wa historia na maandiko ya Agano Jipya ulifundishwa na hayati Dale B. Martin mwaka 2009, kwa mihadhara 26. Katika kozi ya kwanza msomaji ataona jinsi Mwanzo 1 inavyolinganishwa na hadithi ya Kibabeli ya Enuma Elish, na habari za gharika na utenzi wa Gilgamesh. Ataelezwa pia nadharia ya vyanzo vya Torati pamoja na hoja zinazoitegemeza.

Walimu hao hufundisha kwa njia ya historia. Huuliza andiko lilitoka wapi na wasikiaji wa kwanza walilielewaje. Hawaulizi Kanisa litahubiri nini, kwa maana darasa lao ni la watu wa imani zote na la wasio na imani. Hilo si kosa lao, ila sisi tunapaswa kulijua mapema.

Tuchukue mfano. Mchungaji asikiapo kwamba wataalamu wengi hawaamini kuwa 1 Timotheo iliandikwa kwa mkono wa Paulo mwenyewe, aweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. Aweza kulipeleka mimbarani Jumapili ifuatayo, na washarika wakatoka wakiwa wamefadhaika. Au aweza kulificha moyoni, akaendelea kuhubiri huku amegawanyika ndani yake. Yote mawili hutokea kwa sababu amesikia peke yake na hana wa kumwuliza.

4. Namna ya kuzitumia

Twapendekeza wachungaji na wainjilisti wanne au watano wa jimbo moja wakubaliane juu ya kozi moja tu. Wakichukua mhadhara mmoja kila baada ya majuma mawili, mihadhara 24 itakamilika katika muda wa mwaka mmoja hivi. Asiyemudu gharama ya video na asikilize sauti, au asome maandishi, ambayo ni mepesi zaidi kupakua.

Kabla ya kukutana, kila mmoja asome sura za Biblia zinazohusika. Wakutanapo, mmoja aeleze mhadhara kwa Kiswahili, maana kozi hizi zimetolewa kwa Kiingereza. Kazi hiyo ni ngumu lakini ina faida kubwa: jambo ambalo hatuwezi kulieleza kwa lugha ya washarika wetu, bado hatujalielewa vya kutosha. Kisha waulizane maswali mawili: mwalimu amethibitisha nini hasa, na jambo hili linaligusaje Kanisa? Ikiwezekana, mwalimu wa chuo cha theolojia aalikwe mara moja moja.

5. Hitimisho

Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule na maktaba nzuri. Katika waraka huohuo alishauri kwamba vitabu vichaguliwe, visirundikwe ovyo. Shauri hilo latufaa leo, ambapo kozi ni nyingi kuliko muda wetu.

Tena tumkumbuke yule towashi wa Kushi katika Matendo 8. Alikuwa na chuo cha nabii mkononi, na alikuwa akikisoma kwa sauti. Filipo alipomwuliza kama anaelewa, alikiri kwamba anahitaji mtu wa kumwongoza, akamwomba apande garini aketi pamoja naye. Intaneti imetuletea chuo hicho mkononi. Kuketi pamoja garini ni wajibu wetu sisi kwa sisi.