Usijiite mvivu kabla hujapima damu

Kuna wiki moja mwaka jana nilipitishwa steji yangu mara tatu. Napanda matatu mjini saa kumi na moja jioni, nakaa dirishani, nafumba macho "kidogo tu". Nikizinduka, kondakta anagonga kiti: "Madam, gari imefika mwisho." Abiria wawili watatu wanacheka, nami nacheka nao. Kisha natembea kurudi nyumbani nikiwa nimejikasirikia hadi basi.

Nilikuwa nishajipa jina: mvivu. Mamangu alikuwa amenipa hilo jina kitambo, tangu nilipoacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Karo ilikuwa shida, sitaficha. Lakini hata yale masomo ambayo nilikuwa nimeyalipia, nilikuwa nayalala.

Wakati huo nilikuwa napiga kazi ya kunukuu sauti mtandaoni, tena usiku, kwa sababu wateja wako Marekani. Dawa yangu ilikuwa ile ile ya kila mtu mtaani: mkebe mmoja wa kinywaji cha kuongeza nguvu saa nne usiku, mwingine saa nane. Siku moja nikalala juu ya kibodi, kazi ikachelewa saa sita nzima. Mteja hakunitukana. Alinyamaza tu, na hakurudi tena. Kodi ya nyumba mwezi huo nililipa kwa deni.

Dadangu ndiye aliyenivuta hadi zahanati. Wakanitoa damu, na baada ya nusu saa daktari akaniita. Kiwango changu cha himoglobini kilikuwa 9.2. Kwa mwanamke mtu mzima asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu chochote chini ya 12 kuwa upungufu wa damu. Akaniuliza kuhusu hedhi, nikamwambia ni nzito na huchukua siku saba. Halafu akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Na chai unakunywa saa ngapi?"

Nikamjibu ukweli: saa zote. Na mandazi asubuhi, na ndengu mchana, na ugali usiku. Akatikisa kichwa.

Tokeni za mwili

Nilirudi keja nikaanza kusoma, maana hiyo ndiyo tabia yangu, chuo au bila chuo. Ndani ya seli zako kuna vijiko vidogo mno vinavyoitwa mitokondria. Vinachukua chakula ulichokula pamoja na oksijeni uliyovuta, na kutengeneza kitu kinachoitwa ATP. Hiyo ATP ndiyo inayosukuma moyo, misuli na akili. Ichukulie kama tokeni za stima. Tofauti ni kwamba mwili hauwezi kununua za mwezi mzima ukaweka. Akiba yake ni ndogo sana, kwa hivyo unatengeneza na kutumia, unatengeneza na kutumia, mchana na usiku. Inakadiriwa kwamba ukijumlisha ATP yote inayozungushwa kwa siku moja, uzito wake unakaribia uzito wako mwenyewe.

Sasa, madini ya chuma yanaingia mara mbili hapo. Kwanza, yako kwenye himoglobini inayobeba oksijeni hadi kwenye seli. Pili, yako ndani ya mitokondria zenyewe, kwenye ile mitambo inayotengeneza ATP. Chuma kikipungua, mzigo hauletwi vizuri, na hata jiko lenyewe halichomi sawasawa. Ndiyo maana mtu anaweza kulala saa tisa na bado aamke kama hajalala.

Mkebe ni mkopo

Ukitumia nguvu mchana kutwa, ubongo unajaza kemikali inayoitwa adenosini. Hiyo ndiyo inayokuambia, "rafiki, imetosha, lala." Kafeini haiondoi uchovu huo. Inakaa mlangoni na kuzuia ujumbe usifike. Deni liko pale pale, ni simu ya mwenye deni tu umeizima.

Tena haitoki haraka. Kwa mtu wa kawaida, karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini baada ya saa tano hivi. Kwa hivyo ule mkebe wangu wa saa nane usiku ulikuwa bado unafanya kazi asubuhi nikijaribu kulala. Usingizi unakuwa mwepesi, kesho unaamka mchovu zaidi, unanunua mikebe miwili. Mimi nilizunguka hapo karibu mwaka.

Nilichobadilisha

Daktari alinipa vidonge vya madini ya chuma. Tafadhali usikimbilie kununua vyako bila kupimwa, kwa sababu chuma kikizidi mwilini kinadhuru. Lakini haya mengine yanaweza kufanywa na mtu yeyote.

Chai niliitenga na chakula. Majani ya chai yana vitu vinavyoshika madini ya chuma tumboni na kuzuia yasiingie kwenye damu. Sijaacha chai, mimi ni Mkenya. Nakula kwanza, nangoja saa moja au zaidi, ndipo nakunywa.

Chakula chenyewe hakikupanda bei. Omena na maini vina chuma ambacho mwili unakichukua kwa urahisi. Ndengu, maharagwe, managu na terere pia vina chuma, ila hicho kinahitaji kusaidiwa na vitamini C. Kwa hivyo nakamulia ndimu juu ya ndengu, au nakula chungwa baada ya githeri. Mama mboga wangu siku hizi hata haniulizi, ananiwekea ndimu mbili kwenye mfuko.

Kutembea nako kulinishangaza. Nilidhani mtu mchovu anafaa kupumzika tu. Kumbe mwaka 1967 mtafiti wa Marekani, John Holloszy, alichapisha matokeo ya panya aliowakimbiza kwenye mashine kwa wiki kadhaa, na uwezo wa mitokondria za misuli yao kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka karibu maradufu. Baadaye ilionekana kwa binadamu pia kwamba misuli inayofanyishwa kazi hujiongezea mitokondria. Damu iliponipanda kidogo, nilianza kushuka steji mbili kabla ya yangu. Safari hii kwa kupenda. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, ndizo zile dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Na usingizi. Bado nafanya kazi za usiku, lakini nalala saa zile zile kila siku, pazia nzito, simu iko mbali na kitanda. Lengo ni saa saba. Kuna siku napata tano, sitakudanganya.

Kitu ambacho sikununua ni vile vidonge vinavyotangazwa mtandaoni eti "vinaamsha seli". Kama hujui kwa nini umechoka, unatibu nini?

Kama hali ni mbaya

Upungufu wa damu ni sababu moja tu. Uchovu usioisha unaweza kuwa kisukari, tezi ya shingo, malaria, kifua kikuu au hata msongo wa mawazo uliozidi. Ukikaa wiki kadhaa hivyo, au ukianza kuishiwa na pumzi kwenye ngazi, moyo kwenda mbio bila sababu, kupungua uzito au kutokwa na jasho usiku, nenda upimwe. Kupima damu hakukuchukulii siku nzima. Mimi nilipoteza mteja na mwaka mzima kabla ya kwenda.

Baada ya miezi mitatu nilipima tena: 12.4. Kama hata chuoni shida ilikuwa damu, siwezi kujua. Damu ya wakati ule haipimiki tena. Lakini lile jina la mvivu nimelivua.

Mamangu hajaniomba msamaha, na sijamdai. Ila siku hizi nikienda kwake, chupa ya chai inakaa jikoni hadi sahani zitolewe mezani.