Huna Uzoefu wa Kazi? Jiandae kwa Usaili

Kila linapotoka tangazo la nafasi za Mtendaji wa Kijiji Daraja la Tatu, nyumba nyingi huingiwa na matumaini. Kijana wa Kipili, bandari ndogo ya Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, naye hutoa vyeti vyake sandukuni. Lakini moyo humdunda awazapo swali moja: "Una uzoefu gani?" Amezoea kuvua dagaa na baba yake, ofisini hajapata kuketi hata siku moja.

Ndugu msomaji, swali hilo lisimvunje moyo. Nafasi ya kuanzia kazi haidai miaka ya utumishi. Inadai elimu iliyotajwa katika tangazo, na mtu anayeielewa kazi anayoiomba.

AIJUE KAZI

Mtendaji wa Kijiji ni mlinzi wa amani, tena ni katibu wa mikutano ya Halmashauri ya Kijiji. Basi yafaa kijana aisome Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982. Humo ataona kwamba Halmashauri ya Kijiji huwa na wajumbe 15 hadi 25, na kwamba Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Kisha aende kwa mtendaji wa kijijini kwake, amwombe amweleze jinsi muhtasari wa kikao unavyoandikwa.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei. Kijana wa mwambao anajua katazo la namna hiyo lina maana gani jikoni. Jopo likimwuliza angewaelezaje wanakijiji amri iliyo ngumu, atakuwa na la kusema kuliko mtu aliyekariri kitabu tu.

AYASEME ALIYOYATENDA

Kujibu "sina uzoefu" na kunyamaza ni kujinyima haki. Aliyetunza daftari la kambi ya uvuvi, akaandika madebe ya dagaa, mafuta yaliyotumika na mgao wa kila mvuvi, amekwisha kuaminiwa kwa mali ya watu. Aliyekuwa katibu wa kwaya au wa timu ya mpira ameandika mihtasari. Aeleze alifanya nini, kwa muda gani, tatizo gani lilizuka na alilitatuaje. Wala asitie chumvi, maana swali la pili hufichua uongo wa jibu la kwanza.

VYETI NAVYO

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma iliwekwa kisheria kwa marekebisho ya mwaka 2007. Usaili wake aghalabu huanza kwa mtihani wa mchujo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Msailiwa hutakiwa kuja na vyeti halisi vya masomo, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Ikiwa ni Maria katika cheti cha shule na Mariamu katika cheti cha kuzaliwa, hana budi kuwa na hati ya kisheria inayothibitisha jina. Hati hiyo haitafutwi usiku wa kuamkia usaili.

WAJIBU WA NYUMBA

Msailiwa hujigharamia nauli, chakula na malazi. Kutoka Kipili hupanda milima hadi Namanyere, kisha Sumbawanga. Na usaili ukiwa Dodoma, safari ndiyo kwanza imeanza. Huenda nauli hiyo ni mbuzi aliyeuzwa au akiba ya mama.

Kwa hiyo, ninyi ndugu mlioko mjini, mpokeeni siku moja au mbili kabla. Msimtume sokoni siku ya kusoma, hasa akiwa binti, ambaye kazi za nyumba humwangukia yeye kwanza. Baada ya chakula cha jioni mwulizeni maswali, naye ajibu kwa sauti, bila haraka.

Na asipochaguliwa, msianze kumhesabia gharama za mbuzi. Mwulizeni ni swali gani lililomshinda, aliandike katika daftari angali analikumbuka, ili tangazo lijalo limkute amekwisha kulitafutia jibu.