Nyimbo saba za nyumba yetu, na kaseti isiyo yetu

Kila nyumba ya kambi ina nyimbo zake, na kila nyumba inafikiri zake njo za kweli. Hizi ni za kwetu. Tuko ndugu wanne, tulizaliwa Likasi, tukakomalia Panda. Baba yetu alifanya kazi kwenye mabeseni ambamo shaba inajishika polepole juu ya bamba, na harufu ya asidi haikutoka ndani ya nguo zake hata siku ya Mungu. Tumebishana majuma mawili juu ya orodha hii. Yaya yetu alitaka nyimbo kumi. Mdogo wetu wa mwisho alitaka tano tu, zote za Kinshasa. Tumesimama kwenye saba, na tunahesabu kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayetoka shimoni.

Ya saba ni Kakolele ya Baba Gaston, ile ya Viva Krismasi. Tuanze na furaha. Wakenya wanaipiga kila Desemba na wengi wao wanafikiri ni yao. Kumbe Baba Gaston ni mtoto wa Likasi, aliyepita Tanzania mbele ya kufika Nairobi. Sisi wenyewe tuliijua kwa kuchelewa, ndani ya kaseti ya dereva mmoja wa malori aliyekuwa anarudi kutoka Zambia. Krismasi kwetu ilikuwa mchele, kuku mmoja kwa watu tisa, na viatu vilivyonunuliwa vikubwa kidogo ili vifike mwaka wa pili. Wimbo ule ukilia, tunasikia tena viatu vile vinavyotutoka kwenye visigino, kla, kla, juu ya simenti ya kanisa. Ni vyote. Si wimbo mkubwa, lakini hakuna aliyekataa kuuweka.

Ya sita, Shauri Yako. Mtunzi wake ni Nguashi Ntimbo, aliyeimba na Festival du Zaïre, lakini walioupeleka mbali ni Super Mazembe wa Nairobi. Na hao Super Mazembe nao ni watu wa huku: kundi lao lilianza Kongo mwaka 1967 kwa jina la Super Vox, likapita Zambia, likafika Kenya mwaka 1974. Mazembe, kwao, ni zile mashine kubwa za kusukuma udongo ambazo mfanyakazi wa mgodi wa wazi anaziona kila asubuhi. Hazina neno na mpira. Hata vile, kambini tulichanganya kwa kupenda: TP Mazembe ikishinda, hakukosi mtu wa kuweka Super Mazembe mpaka usiku wa manane.

Ndani ya nyumba, "shauri yako" ilikuwa neno la mama. "Hautaki kusoma? Shauri yako. Utabeba mawe." Na yaya yetu akabeba mawe kweli. Leo anachimba kwa mkono upande wa Kolwezi, na anasema akiwa anashuka na kamba, wimbo ule unamutoka kinywani bila kuuita, na wenzake walio juu wanamuitikia. Mama alipoambiwa hivyo hakucheka. Aliuliza tu ile kamba ni ya namna gani.

Ya tano ni ya baba peke yake: Indépendance Cha Cha. Tunapita mbio, kwa sababu kila mtu anaijua. Grand Kallé na African Jazz waliipiga Bruxelles, Januari 1960, wakati wakubwa wetu walikuwa kwenye Table Ronde. Siku ya 30 Juni baba alikuwa kijana wa miaka kumi na tano, akaicheza mpaka soli ya kiatu ikafunguka. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga. "Tulicheza siku kumi na moja," alikuwa anasema, na hakuongeza kitu.

Ya nne, Mario. Ilitoka mwaka 1985, Franco na TP OK Jazz yake. Lingala yetu ilikuwa ndogo, ya redio na ya wanajeshi, lakini hadithi ilieleweka na wote: kijana mwenye diploma, mwenye nguvu, anayekula na kuvaa kwa mfuko wa mwanamke aliyemzidi umri. Mwezi haukuisha, kila njia ya kambi ikawa na Mario wake. Jina likageuka kazi.

Lakini sisi hatuukumbuki kwa ajili ya Mario. Tunaukumbuka kwa siku ya malipo. Siku ile wamama walijipanga kwenye njia ya kutoka getini, na si kwa mapendo: walitaka pesa ifike nyumbani mbele ya kupita kwenye nganda. Wanaume wajanja walizunguka nyuma ya ukuta. Basi mama mmoja akimuona bwana wa mwenzake anateleza kule nyuma, anaanza kuimba Mario kwa sauti ya juu, wengine wanapokea, na yule bwana anarudi njiani kichwa chini kama mtoto wa shule. Mama yetu alikuwa na sauti mbaya sana. Kwa kazi ile, sauti mbaya inafaa zaidi. Franco alikufa Oktoba 1989, na tunaamini hakujua kama wimbo wake ulilisha watoto wengi wa Likasi.

Ya tatu aliipigania dada yetu: Missa Luba. Tulimwambia misa si wimbo. Akatuuliza kama tuko na kingine tulichoimba miaka kumi na mbili bila kuchoka. Tukanyamaza. Missa Luba ilizaliwa Kamina, mji wa reli, mwaka 1958, pamoja na Padri Guido Haazen, Mfransisko, na kwaya yake ya watoto na walimu, Troubadours du Roi Baudouin. Maneno ni Kilatini, lakini sauti, ngoma na namna ya kuitikiana ni za huku. Sanctus yake ilifika mpaka ndani ya filamu ya Uingereza ya mwaka 1968, If...., na vijana wa Ulaya wakanunua sahani ya kwaya ya Kamina. (Yaya anataka tuseme pia kuna Missa Katanga ya Joseph Kiwele, yule yule aliyetunga wimbo wa taifa la Katanga. Tumesema.)

Baba aliimba sauti ya chini. Hakuwa mtu wa dini sana. Alipenda kwaya kwa sababu ilikuwa fasi moja ambamo kapita na mfanyakazi wa chini wanapumua wakati mmoja. Siku walipozika rafiki yake wa zamu, aliyekufa mbele ya kufikia pensheni, kwaya iliimba Kyrie, na katikati sauti ya baba ikapotea. Hakulia. Alisimama tu, kinywa wazi, kitabu mkononi, na wale wengine wa sauti ya chini wakaongeza nguvu ili pengo lisisikike. Dada yetu alikuwa mbele na watoto. Alilisikia.

Sasa ya pili, na hapa wasomaji wengi watatukasirikia, kwa sababu walingojea iwe ya kwanza. Masanga, ya Mwenda Jean Bosco, Mwenda wa Bayeke. Mtoto wa Bunkeya, aliyezaliwa mwaka 1930. Hugh Tracey, mzungu aliyezunguka Afrika na mashine ya kukamata sauti, alimkuta kwetu Likasi mwaka 1952, wakati mji bado unaitwa Jadotville, na Masanga ikapata tuzo ya Osborn kama muziki bora wa Afrika wa mwaka ule. Mwaka 1969 Bosco akapiga gitaa Marekani, kwenye festivali ya Newport. Alikufa mwaka 1990 katika ajali ya barabara nchini Zambia.

Mwenye kusikiliza Masanga mara ya kwanza anauliza wapigaji wako wangapi. Ni mmoja. Ni vidole viwili tu: kidole gumba kinachunga besi, kinatembea bila kukimbia, na kile cha shahada kinaimba juu yake. Baba alikuwa na gitaa ambamo kamba mbili zilikuwa waya wa breki ya kinga. Ilimchukua miaka mitatu kupata kipande cha kwanza cha Masanga. Kipande cha pili hakukipata mpaka mwisho. Kila alipofika pale anasimama, anatikisa mkono, anasema "ule Bosco hakuwa mutu," kisha anaanza tena toka mwanzo. Kwa hiyo sisi watoto tulikomaa tukijua nusu ya Masanga. Tuliposikia wimbo mzima kwenye redio, tulifikiri wameongeza.

Mwaka 1994, wakati pesa ilikuwa inakufia mkononi, gitaa likageuka gunia la bunga. Baba hakulalamika. Lakini vidole havikuacha: wakati wa kula, mkono wa kuume ulikuwa unapiga Masanga juu ya meza, na mama anasema, "Muzee, acha, sahani zinatetemeka."

Wimbo wa kwanza ni Karibu Yangu ya Tshala Muana.

Tunajua, tunajua. Tshala anajulikana kwa mutuashi, anajulikana kama mwimbaji wa Kasai, na sehemu kubwa ya nyimbo zake ni Tshiluba. Lakini alizaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1958, na Karibu Yangu, jina lenyewe ni Kiswahili. Mwanamke wa Kasai aliyezaliwa Katanga. Watu wa umri wetu hawahitaji tueleze zaidi, lakini vijana wanasoma pia.

Nyumba ya pembeni yetu, ile yenye mti wa maembe, ilikuwa ya watu wenye mizizi Kasai. Bwana alikuwa zamu moja na baba. Watoto wao watano walizaliwa Likasi kama sisi, hospitali moja na sisi, na Kasai waliijua kwa jina tu. Mama wa nyumba ile alitufundisha mutuashi, sisi wote, hata yaya yetu asiye na kiuno. Alikuwa na radio kaseti, na Tshala akipigwa redioni anakimbia kubonyeza ili amkamate.

Miaka ya 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Maelfu walilala ku gare wakingojea treni, majuma na majuma, chini ya hema za plastiki na mabati, na wengine walizikwa pale pale. Majirani wetu walitoka usiku. Walibeba sufuria, nguo na mashine ya kushona. Radio kaseti waliileta kwetu, kaseti ikiwa bado ndani, kwa sababu njiani vitu vilikuwa vinanyang'anywa. Yule mama alisema, "Mutatuchungia." Mama yetu alipeleka bukari ku gare kila jioni, imefungwa ndani ya kitenge, siku ishirini na mbili. Siku ya ishirini na tatu fasi yao ilikuwa tupu. Treni ya kuelekea Mwene-Ditu ilikuwa imepita. Alirudi na bukari ile, tukaila sisi, baridi. Juma lililofuata baba alirudi kazini, na pembeni yake hakukuwa na mtu.

Radio kaseti iliharibika mwaka 1999. Kaseti ilibaki ndani ya kabati, kati ya vitambulisho na picha za ubatizo. Tarehe 10 Desemba 2022 Tshala Muana alikufa Kinshasa, na redio zote zikampiga mchana kutwa. Mdogo wetu akachukua kaseti, akaipeleka kwa fundi mmoja wa Lubumbashi ili aitie ndani ya simu. Utepe ulikuwa umeshikana. Fundi aliokoa upande mmoja tu.

Tuliusikiliza wote wanne. Mama jirani hakuwa na waya wa kuunganisha. Aliweka mashine mbele ya redio nyingine na kukamata kila kitu kilichokuwa nyumbani. Karibu Yangu inaanza, kuna kuku, kuna mlango. Halafu, juu ya Tshala, sauti yake mwenyewe, inaita watoto waje kula. Anawaita mmoja mmoja, wote watano. Kisha anaongeza majina mengine manne. Ni yetu.

Kama kuna msomaji upande wa Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, au fasi yoyote, aliyekomalia Panda kwenye nyumba yenye mti wa maembe mpaka mwaka 1993: kaseti yenu iko. Mashine ilikufa, lakini kaseti tumeichunga. Mwembe nao unazaa bado.