Pikipiki kuukuu ikikataa kuwaka, anza na ukaguzi usiogharimu pesa

PIKIPIKI kuukuu inapokataa kuwaka alfajiri mjini Siakago, Kaunti ya Embu, hasara huanza kuhesabiwa kabla jua halijachomoza. Muguka uliochumwa katika mashamba ya Mbeere haungoji, kwani hunyauka upesi na kupoteza bei. Mwendeshaji aliyekodi pikipiki angali anadaiwa malipo ya siku na mwenye chombo, naye aliyeinunua kwa mkopo hupungukiwa na pesa za kulipia deni lake.

Katika haraka hiyo, kosa moja hurudiwa mara nyingi: kununua vipuri kwa kubahatisha. Plagi hubadilishwa, kisha koili, kisha kabureta, na hatimaye injini hufunguliwa. Mwishowe hubainika kuwa chanzo kilikuwa kitundu kidogo cha hewa katika kifuniko cha tangi, kilichozibwa na vumbi.

Hasara hiyo huepukika iwapo ukaguzi utafanywa kwa mpangilio, kuanzia kwa kile kisichogharimu chochote hadi kile kinachohitaji injini kufunguliwa. Kila hatua hujibu swali moja, na jibu hilo ndilo linaloonyesha hatua ifuatayo.

Suala hili linawahusu watu wengi. Mnamo 2008, serikali ya Kenya iliziondolea ushuru wa VAT pikipiki zenye injini isiyozidi 250cc, na chombo hicho kikaenea haraka mashambani, hasa pikipiki zilizotengenezwa China na India. Nyingi kati ya zilizonunuliwa katika miaka iliyofuata zimepitia mikononi mwa wamiliki kadhaa, na historia ya matengenezo yake haijulikani.

Baadhi ya injini hizo zina asili moja. Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970, ilibuniwa kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kutengenezwa kwa nadra. Vali zake husukumwa na fito fupi za chuma badala ya kuendeshwa na cheni iliyomo ndani ya injini. Viwanda vingi vya China viliuiga muundo huo. Injini za aina hiyo ni vumilivu, lakini uvumilivu wenyewe huficha maradhi: chombo huendelea kutembea hadi siku kinapogoma kabisa.

Mahitaji matatu ya injini

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: mchanganyiko ufaao wa petroli na hewa, cheche yenye nguvu kwa wakati wake, na mbano wa kutosha ndani ya silinda. Likikosekana moja tu, hata kiki mia hazitafaa kitu. Kwa hivyo, swali la kwanza si kipuri gani kinunuliwe, bali ni lipi kati ya matatu hayo limekosekana.

Kabla ya spana kushikwa, yapo mambo ya kutazamwa kwa macho. Je, tangini mna petroli? Je, koki imefunguliwa, au yafaa igeuzwe upande wa akiba? Je, swichi ya kuzima injini iliyo kwenye usukani imeguswa kwa bahati mbaya? Je, gia ziko huru? Maswali haya huonekana ya kitoto, lakini si ajabu pikipiki ikasukumwa hadi kwa fundi kwa sababu ya swichi tu.

Petroli hufuata. Mpira unaotoka kwenye koki huchomolewa upande wa kabureta na kuelekezwa ndani ya chupa safi. Katika koki ya kawaida, petroli yapaswa kutiririka bila kukatika. Ikianza kwa nguvu kisha ikafifia, kifuniko cha tangi kifunguliwe. Iwapo itarejea kutiririka vyema, kitundu cha hewa cha kifuniko ndicho kilichoziba. Hewa isipoingia tangini kuchukua nafasi ya petroli inayotoka, petroli nayo huacha kushuka. Pikipiki yenye kasoro hii huwaka vizuri, hutembea kilomita kadhaa, huzimika, kisha huwaka tena baada ya kupumzishwa.

Chini ya kabureta mna skrubu ya kumwagia petroli iliyosalia. Petroli hiyo ikikingwa katika chombo kinachopenya nuru, maji yataonekana yakiwa yamejitenga chini, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli. Kutu au mchanga ukionekana, tangi na kichujio cha koki vyahitaji kusafishwa; kusafisha kabureta pekee ni kuahirisha tatizo.

Ubora wa petroli pia ni jambo la kuzingatiwa. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, injini huwaka kwa shida, hugonga inapopanda mlima na kuacha masizi. Mnamo 2018, Kenya ilianza kutoza ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wanaoyatumia kuchakachua mafuta ya magari. Iwapo matatizo yalianza mara tu baada ya petroli kununuliwa mahali pageni, tangi limwagwe kabla ya kipuri chochote kununuliwa.

Plagi hutoa ushahidi

Baada ya kiki kadhaa, plagi huchomolewa na kutazamwa. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika ila moto haupatikani, au petroli imezidi. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki ndani ya silinda.

Plagi ya injini iliyokuwa ikitembea husema mengi zaidi. Rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huonyesha petroli imezidi hewa, mara nyingi kwa sababu kichujio cha hewa kimeziba au choki imekwama. Weusi wenye unyevu wa oili huashiria ringi au sili za vali zilizochakaa. Weupe kama chokaa huonyesha hewa imezidi au injini inachemka kupita kiasi, hali inayoweza kutoboa pistoni.

Ili kupima cheche, plagi hurejeshwa katika kofia yake na chuma chake kugusishwa kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu ilimotolewa, kisha kiki hupigwa. Cheche ya samawati inayosikika ikilia ni njema. Ya manjano na dhaifu haitoshi. Petroli iliyomwagika isafishwe kwanza, sigara iwe mbali, na kofia ishikwe kwenye mpira wake pekee, kwani umeme wake ni mkali.

Cheche ikikosekana, mpangilio ni huu: plagi nyingine inayojulikana kuwa nzima, kisha kofia ya plagi, kisha waya wa swichi ya kuzima. Waya huo ukichunika na kugusa chuma cha fremu, huua cheche ilhali kila kipuri ni kizima. Koili hufuata, na kisanduku cha CDI huwa cha mwisho. Kisanduku hicho hakitengenezwi. Njia rahisi ya kukipima barabarani ni kuazima kingine kizima cha aina ile ile. Katika pikipiki za zamani zaidi zenye platini, nyuso za platini zikaguliwe kama zimeungua na nafasi yake ipimwe.

Kuna pia suala la betri. Baadhi ya pikipiki hupata umeme wa cheche moja kwa moja kutoka kwa sumaku za injini, na zaweza kuwaka kwa kiki hata betri ikifa. Nyingine hutegemea betri. Fundi asiyetofautisha aina hizo mbili aweza kumuuzia mteja betri asiyoihitaji.

Mbano na vali

Iwapo petroli inafika na cheche ni nzuri, kinachosalia ni mbano. Kidole gumba kikiwekwa juu ya tundu la plagi na kiki ikapigwa huku swichi ikiwa imezimwa, hewa yapaswa kukisukuma kwa nguvu. Geji ya kupimia hutoa jibu la uhakika zaidi.

Mbano ukiwa dhaifu, kijiko kidogo cha oili hutiwa ndani ya silinda na kipimo kurudiwa. Ukiongezeka, ringi na silinda ndizo zilizochakaa, kwa kuwa oili imeziba mwanya kwa muda. Usipoongezeka, lawama huelekea kwa vali au gasketi ya kichwa cha silinda.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Vali iliyokazwa kupita kiasi haifungi kikamilifu, hivyo mbano huvuja na injini hukataa kuwaka, hasa ikiwa moto. Dalili hizo hufanana na za injini iliyochoka, ilhali tiba yake ni kurekebisha nafasi ya vali kwa vibati vyembamba vya kupimia. Katika CG125, nafasi hiyo ni milimita 0.08 kwa vali zote mbili, injini ikiwa baridi. Aina nyingine zina vipimo vyao, na vifuatwe hivyo. Injini isifunguliwe kabla ya vali kupimwa.

Inawaka lakini haitembei

Pikipiki inayowaka kisha ikazimika choki inapofunguliwa ina upungufu wa petroli au ziada ya hewa. Huenda jeti ndogo ya kabureta imeziba, au mpira unaounganisha kabureta na injini umepasuka. Maji ya sabuni yakipakwa kwenye kiungo hicho injini ikinguruma taratibu, mlio ukibadilika ni ishara kuwa hewa inapenya hapo.

Inayokosa nguvu katika mwendo wa kasi ichunguzwe jeti kubwa, kichujio cha hewa na masizi ndani ya bomba la moshi. Iwapo injini inavuma kwa nguvu ilhali pikipiki haiongezi mwendo, klachi ndiyo inayoteleza. Gurudumu lisilozunguka kwa wepesi likiinuliwa huonyesha breki inashika. Kasoro hizi mbili za mwisho hazina uhusiano wowote na kabureta.

Inayozimika ikipata moto ipimwe papo hapo, kabla haijapoa. Koili inayokaribia kufa hutoa cheche asubuhi na kuinyima adhuhuri. Ikipimwa baadaye kivulini itaonekana haina dosari.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi ni petroli iliyozidi. Wa samawati ni oili inayoungua: ukitoka injini inapoongezwa mafuta, ringi hushukiwa, ukitoka mafuta yanapoachiliwa kwenye mteremko, sili za vali hushukiwa. Mvuke mweupe unaotoweka baada ya dakika chache asubuhi yenye baridi si ugonjwa.

Katika nyanda kavu za Mbeere, adui mkubwa ni vumbi. Wapo wanaong’oa kichujio cha hewa wakiamini injini itapumua vyema. Kwa siku chache pikipiki huonekana kuwa nyepesi, lakini vumbi linaloingia husaga silinda na ringi kama msasa. Kichujio cha sponji huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kupakwa oili kidogo. Cha karatasi hakioshwi. Hukung’utwa, na kikichakaa hubadilishwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Si kila kazi inayomfaa mwendeshaji. Kufungua kichwa cha silinda au kubadilisha ringi ni jukumu la fundi aliyehitimu na mwenye vifaa. Hata hivyo, mteja anayefika gereji akieleza kwamba cheche ipo, petroli inashuka na mbano ni hafifu huwa ameipunguza kazi kwa nusu, na ni vigumu kuuziwa kabureta mpya. Ana haki ya kuomba aonyeshwe kipuri kilichotolewa na dosari yake kabla ya kulipa.

Aidha, daftari dogo lenye tarehe za kubadilisha oili, plagi na kichujio, na siku vali zilipopimwa, lina thamani kubwa kwa chombo kinachopokezanwa kati ya mmiliki na waendeshaji kadhaa. Lisipokuwepo, kila fundi huanza kubahatisha upya, na gharama hulipwa na yule yule ambaye siku hiyo hajabeba abiria hata mmoja.